Yuko mwaka wa pili BSc, moyo uko kwenye meno: aombe DDS sasa au amalize shahada kwanza?

#1 Kaka wa Ujiji
Habari za jioni wanajukwaa. Mdogo wangu wa kike kamaliza mitihani ya mwaka wa pili, BSc ya baolojia, chuo kiko Dar. Advansi (kidato cha sita) alimaliza 2023, kombi PCB: Fizikia D, Kemia C, Baolojia C. Supu (mtihani wa kurudia) hana, mkopo wa Bodi ya Mikopo anao. Yuko hapa Ujiji likizo, na anataka kuomba udaktari wa meno (DDS) dirisha la mwaka huu, asingoje kumaliza. Mzee anasema umebaki mwaka mmoja tu, amalize, achukue cheti, ndipo aende anakotaka. Mama yuko upande wa binti. Wanaoujua udahili na wanaoijua kazi ya meno, naombeni hoja zenye nyama.

#2 Mnyamwezi Asilia
Amalize. Huwezi kuruka mto ukaacha mtumbwi katikati. Hata Marekani huingii shule ya meno bila kuwa na digrii mkononi.

#3 Karani wa Dirisha
Kaka wa Ujiji, tuanze na kinachojulikana. Hapa kwetu DDS ni shahada ya kwanza. Haidai uwe na BSc. Kinachofungua mlango ni cheti cha advansi: PCB, ufaulu mkuu masomo yote matatu, jumla isipungue pointi 6 kwa kitabu cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Hesabu ya binti: D ni 2, C ni 3, C ni 3, jumla 8. Kigezo cha chini kavuka.

Ila sifa ya chini ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni, si nafasi. Nafasi za meno ni chache kuliko za MD (udaktari wa binadamu), na chuo kinachagua kuanzia juu kushuka. Kwa hiyo pointi 8 zinaweza kutosha mwaka huu na zisitoshe mwakani, kutegemea nani kaomba. Aweke vyuo na kozi zaidi ya moja, asome safu ya kila chuo mwenyewe, maana kuna chuo kinataka alama ya juu zaidi kwenye Kemia au Baolojia hata kama jumla ya pointi imetimia.

Na jambo ambalo watu wengi hawalijui: GPA yake ya BSc haitahesabiwa akiomba kwa cheti cha advansi. Nzuri au mbaya, haimo.

#4 Asali Mbichi
Kuna mtu aliniambia ukishaingia chuo cheti cha advansi kimeshatumika, hakitumiki tena. Ni kweli?

#5 Karani wa Dirisha
Si kweli, Asali Mbichi. Cheti hakitumiki kikaisha. Kinachozuia ni jina. Mfumo wa TCU unakutambua kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Kama chuo chako cha sasa bado kinakuonyesha kuwa mwanafunzi hai, udahili mpya unagonga ule wa zamani na jina linarudi. Ndiyo maana watu wanasema "cheti kimetumika". Kilichokwama ni usajili wa zamani ambao haujafungwa.

#6 Mama Boom
Mnazungumzia pointi, mimi nizungumzie hela, maana ndiyo itakayoamua.

Mkopo wa Bodi wa shahada ya kwanza ni wa shahada ya kwanza. Akimaliza BSc akaenda DDS, hiyo ya meno inakuwa shahada ya pili ya ngazi ileile, na miaka mitano ya ada, chakula, chumba na vifaa inarudi kwa familia. Akiacha sasa, mlango wa mkopo haujafungwa, lakini mwongozo wa Bodi unamtaka aliyeacha masomo alipe kwanza asilimia 25 ya alichokwisha kukopeshwa ndipo aombe upya. Miaka miwili ya ada na boom (hela ya kujikimu) ikijumlishwa, robo yake si hela ya kuokota. Aingie kwenye akaunti yake ya Bodi, aone deni lote mpaka leo, agawe kwa nne. Hiyo ndiyo namba ya kuweka mezani mbele ya mzee, kabla ya neno jingine lolote.

Na kuna saa inayokwenda. Bodi inaangalia waliomaliza advansi ndani ya miaka mitano. Yeye ni wa 2023, kwa hiyo bado yumo, ila akisema apumzike kwanza, afanye kazi kwanza, muda huo utamkuta njiani.

#7 Mzee Reli
Nimefanya hesabu ya miaka. Akianza DDS mwaka huu: mitano darasani na kliniki, mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, jumla sita. Akimaliza BSc kwanza: mmoja halafu sita, jumla saba. Tofauti ni mwaka mmoja tu! Kwa mwaka mmoja anapata cheti cha kumlinda. Mzee wa Ujiji yuko sahihi.

#8 Mama Boom
Mzee Reli, shikamoo. Kwa miaka uko sahihi. Lakini saba zako mitano yake haina mkopo. Sita za binti zina mkopo kama robo italipwa. Mwaka mmoja wako una bei kubwa kuliko unavyoonekana.

#9 Mzee Reli
Marahaba mwanangu. Hilo la mkopo sikuliweka. Bado nasema cheti ni cheti. Chumba cha maiti mwaka wa kwanza kinawarudisha wengi nyumbani, na aliyerudi bila cheti chochote anarudi na deni peke yake.

#10 Gungu Juu
Namrudia #2. Marekani hujakosea kabisa, ila hujapatia yote. Kule shule ya meno ni miaka minne, inasomwa baada ya chuo, na wengi wanaingia na shahada. Lakini zipo shule zinazopokea aliyefikisha kredit 90 za muhula, yaani kama miaka mitatu ya chuo chao, bila kumaliza shahada, mradi masomo ya lazima yametimia: baolojia, kemia ya jumla, kemia ogania, fizikia, vyote na maabara. Juu yake unafanya DAT, mtihani wa kuingilia shule ya meno: maswali 100 ya sayansi (40 baolojia, 30 kemia ya jumla, 30 ogania), 90 ya kutambua maumbo na pembe kwa macho, 50 ya kusoma na kuelewa, 40 ya hesabu. Maombi ya shule nyingi yanapitia mfumo mmoja unaopokea kuanzia mwanzoni mwa Juni, na shule zinajaza nafasi kadiri maombi yanavyoingia. Anayeomba Novemba anagombania mabaki hata kama tarehe ya mwisho haijafika.

Kwa mtu wa Ujiji mwenye matokeo ya chuo cha Tanzania, transkripti lazima ipitiwe na taasisi ya kutathmini vyeti vya nje, na shule nyingi zinataka sehemu ya masomo uwe umeyasomea kulekule. Ada ya kule sitaki hata kuiandika hapa. Kwa hiyo mfano wa Marekani usimwongoze binti huyu kwa lolote.

#11 Mnyamwezi Asilia
Nimekuelewa Gungu Juu, asante. Kumbe swali lenyewe "kabla ya kumaliza shahada" ni la kule, hapa halina uzito huo. Ila hoja yangu ya mtumbwi naibakiza.

#12 BintiManyema
Watu wa Tabora na mitumbwi wapi na wapi, tuachieni sisi wa ziwani 😀

Swali la kweli: ajiondoe kwanza halafu aombe, au aombe kwanza halafu ajiondoe?

#13 Karani wa Dirisha
Aombe kwanza. Asijiondoe mpaka jina litoke kwenye orodha ya waliochaguliwa. Akijiondoa Julai na DDS ikamkosa Septemba, kabaki bila chuo chochote. Akichaguliwa, ndipo apeleke barua ya kujiondoa kwa mkuu wa chuo kupitia mkuu wa idara, ajaze fomu ya kukabidhi: maktaba, uhasibu, hosteli, maabara, kila ofisi igonge muhuri. Achukue nakala ya barua iliyopokelewa, yenye tarehe. Halafu athibitishe udahili mpya kwa ile namba ya siri inayokuja kwenye simu.

#14 Mwalimu wa Kemia
Karani, hapo nakupinga kwa nia njema. #5 umesema mwenyewe kwamba jina la mwanafunzi hai linarudi. Sasa atachaguliwaje wakati bado ni hai? Barua ikipelekwa baada ya orodha kutoka, chuo cha zamani kinachukua wiki kadhaa kuliondoa jina TCU, na muda wa kuthibitisha ni mfupi. Dirisha linafungwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Mimi ningesema aamue kabisa: ajiondoe mapema, afuatilie mpaka jina litoke kwenye mfumo, aombe akiwa safi.

#15 Karani wa Dirisha
Unayosema yanatokea, sikatai. Ndiyo maana kuna dirisha la kwanza, la pili, na miaka mingine hata la tatu. Aliyekwama la kwanza ana muda wa kufuatilia kabla ya la pili. Aliyejiondoa bila kuchaguliwa hana dirisha la kurudi chuo alichoacha. Kati ya hatari mbili mimi nachagua ile inayorekebishika.

#16 Mwalimu wa Kemia
Na mimi nachagua ile isiyomfanya apoteze nafasi ya DDS, kwa sababu dirisha la pili kwa kozi ya nafasi chache mara nyingi linakuta imejaa. Tutofautiane hapo. Ila tukubaliane hili moja: ASITOKOMEE. Wapo wanaoona wamepata kozi mpya, wanafunga begi, wanaondoka bila barua. Chuo kinamsubiri kwenye mitihani, haonekani, kinamfungia kwa kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Kudisko na kujiondoa kwa barua ni vitu viwili tofauti kabisa kwenye rekodi, na la kwanza linakufuata.

Kuahirisha mwaka nako hakusaidii. Aliyeahirisha bado anahesabika mwanafunzi.

#17 Asali Mbichi
Hilo la kuahirisha nilikuwa nalifikiria kama njia ya katikati. Ahsante mwalimu.

#18 Tabibu wa Kibondo
Mmeongea makaratasi vizuri. Niongee kazi, kwa sababu sijaona mtu aliyeuliza kama mikono ya binti inaipenda kazi hiyo.

Kazi ya meno unaifanya ndani ya tundu la upana wa vidole vitatu, lenye ulimi unaosogea na mate yanayopanda, na nusu ya unachokigusa hukioni moja kwa moja. Gego la juu la nyuma unaliona kwenye kioo kidogo tu. Ajipime hivi: achukue kioo cha mkononi, akisimamishe mbele ya karatasi, afunike karatasi kwa daftari asiione moja kwa moja, kisha achore mraba ndani ya mraba akitazama kioo peke yake. Dakika za mwanzo mkono utakwenda kinyume, atakapotaka kusogeza penseli mbele itarudi nyuma. Afanye nusu saa kila siku kwa wiki mbili. Kama mistari inanyooka na hasira hazimpandi, ni dalili nzuri.

Cha pili ni kuchonga. Wanafunzi wa meno huchonga jino kwa nta wakiwa bado hawajagusa mgonjwa. Hapa Kigoma tuna kitu kizuri kuliko nta kwa kujaribia: sabuni ya mche ya mawese. Akate kipande cha sentimita 6 kwa 2 kwa 2. Asichonge ikiwa mbichi, kisu kinavuta na kingo zinamomonyoka. Aiache kivulini siku tano hadi saba, igeuke ngumu kiasi, ila isikauke mpaka ianze nyufa. Achore kwanza mistari kwa penseli pande zote nne, ndipo akate. Wengi wanaharibu hapa: wanachonga upande mmoja mpaka uishe, wanageuza, wanakuta upande wa pili hauna nyama ya kutosha. Unatoa kidogo kila upande, unageuza, unatoa kidogo tena. Aanze na jino la mbele, kisha chonge, mwisho gego la chini lenye mizizi miwili. Gego la juu lina mizizi mitatu, litamtoa jasho.

#19 Gungu Juu
Tabibu hapo umenena. Mtihani wa DAT wa Canada kwa miaka mingi ulikuwa na sehemu ya kuchonga sabuni, mtu anapewa kipande na mchoro, anachonga kwa vipimo na saa inasoma. Baadaye wakaiondoa. Kwa hiyo sabuni ya mawese si mchezo wa watoto.

#20 BintiManyema
Nakwenda Mwanga sokoni kesho kununua mche mzima, nataka kuona kama gego la juu litanitoa jasho kweli.

#21 Tabibu wa Kibondo
BintiManyema, karibu, utuletee picha. Kisu kiwe kidogo na kikali, butu ndicho kinachokata vidole.

Nimalizie. Aandike barua kwa mganga mfawidhi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, aombe kukaa kitengo cha meno kama mtazamaji wiki mbili. Kwa walioko Tabora ni vilevile Kitete. Asiangalie koleo tu. Aangalie shingo na mgongo wa daktari saa nane mchana. Aangalie mtoto wa miaka sita ambaye gego lake la kwanza la kudumu limeota nyuma ya meno ya utoto, mama anadhani litang'oka lenyewe, na limeshatoboka. Aone ganzi inavyochomwa: kijichupa cha mililita 1.8, unavuta kwanza kuona kama damu inarudi, ndipo unasukuma taratibu. Akitoka hapo bado anataka, basi anataka.

#22 Mwalimu wa Kemia
Nina swali kwa Tabibu. Kwa nini asipite njia ya stashahada ya tabibu wa meno halafu aje DDS?

#23 Tabibu wa Kibondo
Njia hiyo ipo na ni halali: miaka mitatu ya stashahada, GPA isipungue 3.0, na D za kidato cha nne kwenye Fizikia, Kemia, Baolojia, Hisabati na Kiingereza. Inamfaa ambaye PCB yake haikutimia, au aliyeishia kidato cha nne. Kwa mwenye pointi 8 ni kuzunguka mlima ambao tayari yuko kileleni mwake. Faida yake moja ni kwamba akifika DDS mikono imeshazoea, wakati aliyetoka advansi anaanza kushika kioo baadaye.

#24 Asali Mbichi
Na dada yangu wa 2015 mwenye C tatu za PCB, ana pointi 9 sivyo? Anaweza?

#25 Karani wa Dirisha
Angalia hapo, wengi wanateleza. Matokeo ya 2014 na 2015 yalikuwa na madaraja tofauti, yalikuwa na B+. TCU inayahesabu A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. Kwa hiyo C tatu za 2015 ni pointi 6, si 9. Amefika mstari wa chini kabisa. Kwa udahili anaruhusiwa kuomba, kwa mkopo muda wa miaka mitano umeshapita.

#26 Asali Mbichi
Dah. Ahsante, ningempa matumaini ya uongo.

#27 Mzee Reli
Niulize na mimi. Ile miaka miwili ya BSc inapotea bure? Hawapunguziwi?

#28 Mwalimu wa Kemia
Hapunguziwi mzee, anaanza mwaka wa kwanza kama waliotoka advansi jana. Lakini haikupotea. Mwaka wa kwanza na wa pili ni anatomia, fiziolojia, baiokemia, mikrobaiolojia. Aliyewahi kusoma seli na vimeng'enya chuoni anasikiliza mhadhara kwa sikio jingine. Kinachomwangusha mtu wa BSc ni anatomia, kwa sababu hajaisoma kwa kiwango hicho, na kwa sababu anajiamini kwa zile nyingine akaiacha mpaka wiki ya mtihani. Kichwa na shingo peke yake, neva tano za uso na matawi yake, ni kazi ya kila jioni.

#29 Tabibu wa Kibondo
Sahihisho dogo mwalimu: si neva tano za uso. Neva ya fuvu ya TANO ndiyo inayohisi uso na meno, ina matawi makuu matatu. Ya SABA ndiyo inayochezesha misuli ya uso, nayo ina matawi matano. Kuzichanganya hizo ndiko kunakomfanya mtu achome ganzi pasipo pake na mgonjwa atoke mdomo umepinda kwa saa kadhaa.

#30 Mwalimu wa Kemia
Nimepokea, ahsante. Ndiyo maana nafundisha kemia.

#31 Mnyamwezi Asilia
Na akikosa hapa akaenda nje? India shahada ya meno (BDS) ni miaka minne na mmoja wa vitendo.

#32 Karani wa Dirisha
Kabla ya kupanda ndege achukue cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka TCU. Akirudi, tuzo itambuliwe na TCU, halafu mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya mafunzo kwa vitendo. Tatizo linaanza kwa waliokwenda na pointi pungufu kwa sababu chuo cha nje hakikujali. Chuo kinampokea, kinamfundisha, kinampa cheti, akifika hapa TCU inauliza alikuwa na sifa gani za kuingia. Hapo miaka mitano inakaa mezani haiendi mbele wala nyuma. Kwa pointi 8 hana shida hiyo, ila asisahau karatasi.

#33 Mama Boom
Kabla hamjamaliza: jina lake liko sawa kwenye cheti cha kuzaliwa, cha form four na cha form six? Herufi moja tofauti na RITA (wakala wa vyeti vya kuzaliwa) inarudisha uhakiki, na bila uhakiki fomu ya mkopo haiendi. Huku Kigoma majina yenye "h" na "y" yanaandikwa kila mtu anavyosikia. Aanze na hilo leo, kabla ya pointi na kabla ya sabuni.

#34 Kaka wa Ujiji
Nimesoma yote, ahsanteni sana. Nimemwonyesha mzee #6 na #8, kakaa kimya muda mrefu, halafu kasema tutazame kwanza deni. Binti kafungua akaunti ya Bodi, tumeigawa kwa nne, tunaijua namba sasa. Na kweli kwenye cheti cha kuzaliwa jina la babu limeandikwa kwa "i" na cha form four kwa "y". Hilo linarekebishwaje, ni RITA Dar au hapahapa ofisi ya mkuu wa wilaya?

#35 Mama Boom
Anza hapohapo wilayani, ofisi iliyotoa cheti. Nenda na cha form four, cha darasa la saba kama kipo, na kitambulisho cha mzazi. Kiapo cha majina kitasainiwa kwa wakili au hakimu. Nenda asubuhi.

#36 BintiManyema
Nimepata mche Mwanga, muuzaji kasema umekatwa jana. Nauweka kivulini. Tabibu, siku tano kwa jua la Kigoma au saba?

#37 Tabibu wa Kibondo
Saba kama chumba kina unyevu wa ziwa. Ubonyeze kwa ukucha: alama ikibaki kina kirefu, bado.